Wageni wa Matopeni na Ushahidi wa Macho Yetu

Itajwapo Bandari ya Dar es Salaam, fikra za wengi wetu huelekea kwenye meli za makontena, malori yaliyopanga foleni, pantoni la Kigamboni na mnada wa samaki pale Feri. Matope hayatajwi, na yakitajwa huwa ni kwa kulalamikiwa harufu yake. Lakini, ndugu msomaji, matope hayo yanayofunuliwa na maji kupwa, kuanzia mlango wa Mto Msimbazi hadi mikoko ya Kurasini na Mtoni, ndiyo yanayoufanya mji wetu uwe na wageni katika siku hizi za Shaabani, upepo wa kaskazi ungali ukivuma. Ni ndege wa pwani. Wengine wamezaliwa katika nchi za theluji, wengine katika visiwa vya mchanga unaounguza, na wote wamekuja kula kwetu. Baadhi yao huonekana kila siku. Baadhi ni adimu kiasi kwamba amwonaye mmoja hana budi kuchukua kalamu.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malezi, mapishi na afya ya nyumba. Wiki hii tunawaomba wazazi watukopeshe asubuhi moja tu, pamoja na watoto wao. Gharama yake ni nauli ya daladala, daftari na, kwa mwenye uwezo, darubini moja ya kushirikiana nyumba nzima. Ile inayokuza mara 8 inatosha. Zinazokuza zaidi ya hapo hutetema mikononi mwa mtoto na kumchosha bure.

Hata hivyo, anayetaka kuwaona ndege hawa asianze na darubini. Aanze na mwezi. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na ukubwa wa kupwa na kujaa huko hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokamilika, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, nasi tukapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita 3 katika pwani yetu. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo miwili hukinzana, tukapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali. Kwa hiyo ile kalenda ya Hijria iliyotundikwa sebuleni, tunayoitazama kwa ajili ya saumu ya siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15, ni kalenda ya bahari pia. Siku tatu za mwanzo wa mwezi, na tena kuanzia tarehe 15 hadi 17, ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Kalenda ya miladi haina habari hiyo. Tarehe 15 Januari yaweza kuwa bamvua mwaka mmoja na maji mafu mwaka mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo wageni kutoka bara hulistaajabia. Katika pwani yetu saa za bamvua hazihamihami ovyo. Bahari ya bamvua hujaa kiasi cha saa 10 usiku wa kuamkia alfajiri, hupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, kisha hujaa tena saa 10 au 11 jioni. Ndiyo maana wanawake waendao pwani kuokota kombe na chaza hutoka asubuhi baada ya kumaliza kazi za nyumbani katika siku hizo, na si siku nyingine. Katika maji mafu mambo hugeuka, na ile saa 4 ya asubuhi ndiyo huwa saa ya kujaa.

Sasa ndege wa pwani hawaongozwi na jua katika kula kwao. Wanaongozwa na maji. Maji yakipwa hutawanyika katika tope lote, na katika bamvua tope ni pana mno, hata mtu aliyesimama barabarani huona vitone tu vinavyotembea. Maji yakijaa hukusanyika kwenye ncha ya mchanga au juu ya mikoko, wakasimama kwa mguu mmoja na kulala. Wakati bora ni ule wa katikati, maji yanapopanda na kuwasogeza taratibu kuelekea ulipo, wakiwa bado wanakula kwa haraka ya mwenye kujua kwamba sahani inaondolewa. Kwa familia, hii ina maana mbili. Katika maji mafu, toka nyumbani baada ya swala ya alfajiri na chai, uwepo pwani kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Katika bamvua, nenda baina ya adhuhuri na alasiri, na usisahau kofia na maji ya kunywa. Sisi tunapendelea maji mafu. Tope linalobaki wazi ni jembamba, ndege huwa karibu, na jua halijawa kali.

Kuhusu mahali, tunatahadharisha kwanza. Bandari ni eneo la ulinzi, na upande wa Kigamboni kuna kambi ya jeshi la majini. Mtu anayesimama karibu na uzio akielekeza darubini kwenye meli atahojiwa, na mlinzi atakuwa na haki. Yako maeneo yaliyo wazi kwa kila mtu. La kwanza ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo lina njia ya waendao kwa miguu. Baina yake na daraja la zamani la Salender ndipo Msimbazi unapomwaga matope yake. Asubuhi tazameni upande wa Salender ili jua liwe mgongoni, na alasiri geukeni mtazame baharini kwa sababu hiyo hiyo. Ndege mwenye jua nyuma yake huwa ni kivuli cheusi, na kivuli hakina rangi ya miguu. La pili ni ufuo wa barabara ya Barack Obama, zamani Ocean Road, hadi Feri. Pale Feri kwenyewe utakuta zaidi shakwe, na kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambao tangu hapo hawajatuacha tupumue. Wasomaji wetu wa Tanga, Unguja, Pemba, Lindi na Mombasa wanayo matope yao wenyewe, na mengine ni bora kuliko yetu.

Mkifika, msianze kumtafuta ndege adimu. Hili tunalisisitiza, kwa kuwa ndilo kosa la karibu kila anayeanza: hukimbilia cha ajabu kabla ya kukijua cha kawaida. Chukueni saa nzima ya kwanza kuwazoea wenyeji wa kila siku. Yupo yangeyange wa pwani, ambaye mmoja huwa mweupe pe na mwenzake mweusi wa kijivu, nao ni aina moja. Wapo wale wadogo wanaokimbia, wakasimama ghafla, wakadona, wakakimbia tena. Na wapo wanaotembea mfululizo wakishona tope kwa mdomo kama cherehani. Baadhi ya watu wa pwani huwaita wote hao vitwitwi, na majina hubadilika kutoka ufuo hadi ufuo. Mtoto asisumbuliwe na majina siku ya kwanza. Aulizwe mambo manne: mdomo ni mrefu kuliko kichwa au ni mfupi? Umenyooka, umepinda chini au umepinda juu? Miguu ina rangi gani? Anakulaje? Mwenye mdomo mfupi huokota kilicho juu ya tope. Mwenye mdomo wa kati hufikia minyoo iliyozama kidogo. Mwenye mdomo mrefu hutoboa hadi kwenye mashimo ambayo wenzake hawayawezi. Ndiyo maana aina kumi huweza kula katika sehemu moja bila ugomvi mkubwa, jambo ambalo wazazi wenye watoto wengi mezani watalielewa haraka.

Miongoni mwa wa kawaida, tunaomba mumjue vizuri mmoja hasa: sululu. Ni ndege mkubwa kiasi cha kuku mdogo, wa rangi ya kahawia yenye madoadoa, mwenye michirizi kichwani na mdomo mrefu uliopinda chini kama chombo cha kuchimbia kinachoitwa kwa jina hilo hilo. Hula kaa, na akiruka hupiga mluzi wa haraka, kama mara saba mfululizo. Yupo karibu kila ufuo wenye tope. Kwa kuwa yupo kila mahali, hakuna anayemtazama mara mbili, na hapo ndipo ilipo habari tunayotaka kuisimulia.

Sululu huyu ana ndugu yake azaliwaye katika nyika za Kazakhstan na kusini mwa Urusi. Kwa mbali wanafanana kama mapacha. Tofauti iliyo wazi huonekana anaporuka: chini ya bawa na kwapani, yule wa nyika ni mweupe safi, ilhali wa kawaida ana michirizi. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba sululu wa nyika ametoweka duniani. Miaka michache baadaye wachache walionekana tena katika nyika za Urusi, lakini hakuna aliyejua wanakokwenda wakati wa baridi. Mapema mwaka 2016, Gary Allport, mtaalamu wa shirika la BirdLife International aliyekuwa akiishi Maputo, nchini Msumbiji, aliwatambua wawili katika ufuo wa mji huo. Hakuwa amepanda meli kwenda kisiwa cha mbali. Ni mji mkuu wenye bandari, kwenye bahari hii hii yetu, ukiwa na sululu wa kawaida wanaopita mbele ya watu kila siku. Aliweza kuwatambua wale wawili kwa sababu alikuwa amewatazama wa kawaida mara nyingi hata kilicho tofauti kikamgusa jicho. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba ndege wa aina hiyo hukata shauri kupita juu ya Tanzania bila kutua.

Katika ndege adimu ambao familia inaweza kuwatumainia kwa haki, wa kwanza ni yule ambaye sisi tutamwita mla kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu hahitaji ujuzi mwingi. Ni mweupe na mweusi, mweupe wa kanzu iliyopigwa pasi, na mgongo wake una mstari mpana mweusi. Miguu yake ni mirefu ya rangi ya kijivu kibuluu, na mdomo ni mweusi, mnene, umenyooka kama jambia, tofauti kabisa na midomo myembamba ya wenzake. Husimama kimya kana kwamba amesinzia, kisha hukimbia hatua chache na kumchoma kaa. Katika ukoo wake hakuna ndege mwingine. Aina ni yeye peke yake duniani kote, na idadi yake inakadiriwa kuwa baina ya 60,000 na 80,000. Katika pwani ya Afrika Mashariki hupenda makundi. Hori la Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, linajulikana kwa makundi yake ya mamia, na hupatikana pia katika pwani ya Tanga, visiwani na Mafia. Mbele ya jiji la Dar es Salaam si wa kila siku, na kwa hiyo anayemwona aandike.

Mla kaa ana uhusiano na sisi ambao wasomaji wenye jamaa huko Ghuba watauona mara moja. Hazaliani kwetu. Hutaga katika visiwa na fukwe za mchanga za Omani, Falme za Kiarabu, Iran, Kuwait, Bahari ya Shamu na Somalia, wakati kwetu ni kusi na huko ni kiangazi kisichovumilika. Hajengi kiota juu ya ardhi kama ndege wengine wa pwani. Huchimba shimo refu mchangani, na ndani yake hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga humsaidia kulitunza yai, kwa hiyo mzazi haulazimiki mwili wake kulilalia muda wote kama kuku. Kisha, kaskazi inapoanza kuvuma, hushuka kusini kwa njia ile ile ambayo majahazi ya Suri na Maskati yalishuka kwa karne nyingi yakileta tende na kurudi na boriti.

Tena kuna jambo lake moja ambalo tunapenda watoto walione kwa macho yao. Ndege wengi wa pwani humwachia kinda wao ajitafutie tangu siku za mwanzo, na wazazi wengine huondoka kabla yake, akabaki kuijua njia ya Afrika peke yake. Mla kaa hafanyi hivyo. Kinda wake hubaki shimoni akiletewa chakula, na hata baada ya kujua kuruka husafiri na mzazi. Huku kwetu, miezi kadhaa baada ya safari, utamwona kijana wa rangi ya kijivu hafifu akimfuata mzazi wake matopeni, ameinamisha shingo, akilia kwa sauti ya kudai, na mzazi akimkatia kaa. Mama mmoja atasema huyo kijana amedekezwa. Huenda. Lakini kumkamata kaa mwenye magando bila kuumia ni ufundi wa kujifunza, na yai lilikuwa moja.

Wa pili katika matumaini ni chaza-mdomo-mwekundu, kama tutakavyomwita: mweusi juu, mweupe chini, na mdomo mrefu mwekundu kama karoti. Hufika pwani yetu kwa nadra, mmoja au wawili, wakitoka Urusi na nchi za kaskazini. Akitokea huwezi kumkosa.

Wa tatu ni mgumu kidogo, naye ni Limosa lapponica. Ni mrefu, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda juu kwa kiasi kidogo sana, kinyume cha sululu. Hapa huwa wachache na huchanganyika na sululu, hivyo mtu asiyetazama midomo mmoja mmoja humpita. Wale wa kwetu hutoka kaskazini mwa Urusi. Wenzao wa Alaska ndio walioweka rekodi iliyowashangaza wanasayansi: mwezi Oktoba 2022, ndege wa aina hii mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi kisiwa cha Tasmania, Australia, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Kabla ya safari ya namna hiyo ndege hula hadi mafuta yakafikia kama nusu ya uzito wake, kisha matumbo na firigisi yake husinyaa ili asibebe mzigo asiouhitaji hewani. Basi mnapomwona wa kwetu akitoboa tope bila kupumzika katika mwezi wa Machi, msidhani ni ulafi. Na mtoto akimkimbilia ili aone kundi likiruka, aelezwe kwamba kila kuruka huko kwa hofu ni mafuta yanayochomwa bure, na huenda yakawa ndiyo yatakayopungua juu ya jangwa.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko majina na milio. Mtu akisema amemwona ndege adimu, aaminiwe vipi? Jamii yetu haihitaji kufundishwa swali hili. Kila inapofika jioni ya tarehe 29 Shaabani tunaingia katika mjadala wa mwandamo, na hata aliyelala darasani anajua maswali yanayoulizwa: ni nani aliyeuona, alisimama wapi, ulikuwa upande gani wa jua lilipotua, pembe zake zilielekea wapi, alikaa akiutazama kwa muda gani, nani mwingine alikuwa pamoja naye, na anga lilikuwaje. Asiyeweza kujibu hasemwi kuwa ni mwongo. Inasemwa tu kwamba ushahidi wake haujatimia. Wakati mwingine mtu mwema na mwaminifu huona ukingo wa wingu akadhani ni mwezi kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshautaka mwezi.

Ndivyo ilivyo matopeni. Moyo ukishamtaka ndege adimu, kila ndege hufanana naye. Kwa hiyo daftari la familia liwe na safu mbili: moja ya kilichoonekana, nyingine ya kilichodhaniwa. "Mdomo mweusi, mnene, umenyooka, miguu mirefu ya kijivu, wawili, kijana mmoja akilia" ni ushahidi. "Mla kaa" ni hukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi. Iandikwe pia tarehe, saa, hali ya maji, mahali mliposimama, upande wa jua, na ni nani wengine waliomwona. Mtoto wa miaka minane anaweza kuijaza safu ya kwanza vizuri kuliko babu yake, kwa sababu macho yake ni mazuri na bado hajajifunza kutaka sifa. Tumeona pia kwamba watoto wa kike, wakipewa kalamu, huandika kwa utulivu kuliko kaka zao, ingawa tunajua kauli hii itatuletea barua.

Kumbukumbu hizi zinakwenda wapi? Zinaweza kupelekwa eBird, ambako hupokelewa bure kwa simu na kuhakikiwa na watu wenye uzoefu. Hapa nchini lipo shirika la Nature Tanzania, na upo mradi wa atlasi ya ndege ambao kwa miaka mingi umekusanya taarifa za waonaji wa kawaida na wataalamu. Kila mwezi Januari hufanyika pia hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini. Katika hesabu hizo pwani ya nchi nzima hutegemea watu wachache mno, na ndiyo maana sehemu nyingi hazina idadi yoyote.

Sehemu isiyo na idadi haina wa kuisemea. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na liliingizwa kwa kuwa kulikuwa na kitu kilichoandikwa juu yake. Matope ya mjini hayana bahati hiyo. Hapo panapotakiwa kujazwa kifusi, au panapogeuzwa jaa, swali la kwanza huwa ni kama pana chochote pale. Jibu la macho ya haraka ni kwamba hapana kitu, ni tope. Tazameni mlango wa Msimbazi baada ya mvua kubwa: chupa, mifuko, ndara, mabaki ya magodoro, vyote vikitoka majumbani mwetu wenyewe, vikilala juu ya meza ya wageni waliotoka Siberia. Hatuandiki haya kuinyoshea kidole ofisi yoyote. Taka hizo zimepita mikononi mwetu kabla hazijapita mtoni.

Na ndege hutoweka pasipo kelele. Alikuwepo sululu mwingine, mwembamba wa mdomo, Numenius tenuirostris, aliyezaliwa Siberia na kushuka kila mwaka hadi pwani za Mediterania, Waislamu wa Morocco, Algeria na Tunisia wakiwa wenyeji wake. Alifanana na sululu wengine, na kwa hiyo wengi hawakumtenga nao. Mara ya mwisho alipoonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1995, katika ziwa la Merja Zerga, Morocco. Miaka iliyofuata watu walimtafuta nchi baada ya nchi. Mwezi Oktoba 2025, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulitangaza kwamba ametoweka. Hapo Merja Zerga lazima walikuwepo wavuvi, wachungaji na watoto waliompita miaka hiyo yote wakamwona ni sululu tu. Hatuwalaumu, hakuna aliyewaambia waangalie nini.

Kwa hiyo familia inayosoma ukurasa huu ichague siku. Mwezi huu wa Shaabani maji mafu ya mwisho yataanza tarehe 22, na hizo ni asubuhi tatu nzuri kabla hatujaanza kuhangaikia futari. Ramadhani ikiingia, safari hizi zaweza kuendelea kwa wasiochoka, maana hazitaki mbio. Watakaorudi pwani katika mwezi wa Shawwal wataona la ajabu: wale vitwitwi wa kijivu waliowazoea watakuwa wameanza kubadilika kifua na tumbo kuwa vyekundu vya matofali, wakivaa nguo za nyumbani tayari kwa Siberia. Mwishoni mwa Aprili wengi watakuwa wameondoka, na tope litabaki na yangeyange.

Barua zenu tutazipokea kwa anuani ya siku zote. Tunaomba kila barua ieleze siku, saa, mahali, maji yalikuwa yakipanda au yakishuka, rangi ya miguu na umbo la mdomo. Jina la ndege, kama hamna uhakika nalo, liacheni wazi. Tutalitafuta pamoja katika toleo lijalo. Na mtoto aliyechora, hata kama mchoro umetoka kama bata, aubandike humo humo.